Shujaa ni wawili: wa uso na wa jasho

Uliza mtoto wa Kadutu, wa Bagira ao wa Kamituga majina ya mashujaa wa televizyo, atakutajia mpaka uchoke. Power Ranger mwekundu njo mkubwa wa kikundi, wa pinki ni msichana, na kila mmoja ana silaha yake. Wazazi nao wana wao: wale waliopata kanda za video za zamani wanakumbuka Bioman na X-Or, Wajapani waliokuwa wanaongea Kifaransa kizuri kabisa. Lakini uliza swali lingine: nani iko ndani ya ile nguo? Hapo mtoto ananyamaza. Mzazi naye ananyamaza.

Siye leo tunataka kuongea juu ya ule mtu wa ndani. Tunajua kuna wasomaji watasema: bei ya dhahabu inapanda na kushuka, barabara ya kwenda Mwenga imekufa, karo ya shule haijalipwa, na ninyi munatuletea michezo ya Wajapani! Haki yao. Lakini katika maisha ya wale watu kuna jambo ambalo kila mama anayengojea bwana yake atoke ku shimo analijua vizuri kuliko siye waandishi. Ni jambo la mtu anayefanya kazi gizani, kusudi mwingine aonekane.

Kazi moja, watu wawili

Kule Japani, shujaa wa televizyo mara nyingi ni watu wawili. Wa kwanza ni kijana mwenye sura nzuri. Yeye njo anaongea, anapenda, anakasirika, kisha anapaza sauti na kugeuka shujaa. Akisha kugeuka, anaenda kukaa pembeni, anakunywa maji. Hapo anaingia wa pili: nguo imemubana mwili mzima, kichwa kimefungwa ndani ya kofia ngumu yenye vitundu vidogo vya kuonea. Huyo wa pili njo anaruka, anapigwa, anaanguka toka juu, anapita karibu na baruti. Sauti munayosikia ni ya yule wa kwanza, wanaitia kiisha. Uso si wake, sauti si yake. Chake ni mifupa na jasho.

Hata yule msichana wa pinki, mara nyingi ndani yake kuna mwanaume wa mwili mdogo, aliyejifunza kusimama na kutembea kama mwanamke. Ni ufundi, si mchezo wa kubahatisha. Mtu asiye na uso anatakiwa aonyeshe hasira kwa mabega, huzuni kwa shingo, uchovu kwa magoti. Na akichoka kweli, hapo ndipo hatakiwi kuonyesha, juu shujaa hachoki.

Mwaka 1954, studio ya Toho ya Tokyo ilitoa filme ya Godzilla, ule mnyama mkubwa anayebomoa mji. Ndani ya mnyama alikuwa Haruo Nakajima, kijana wa miaka 25. Nguo ya kwanza ilikuwa na uzito wa karibu kilo 100. Wachimbaji wanajua kilo 100 ni nini: ni mifuko miwili ya sementi. Sasa uivae, kisha uambiwe tembea, geuka, bomoa nyumba. Nguo ilikuwa ngumu, haikunji vizuri, na hewa ya ndani ni ile unayoitoa mwenyewe. Alivumilia dakika chache tu kwa mara moja, kisha wakamtoa. Wakamtoa, tunasema, juu nguo ilifungwa kwa mgongo: hakuweza kujifungulia peke yake. Yeye mwenyewe alisimulia jinsi walivyokuwa wanamimina jasho toka ndani ya nguo, na jinsi mwili wake ulivyokonda mu kazi ya filme ile moja.

Na zile taa za studio! Uzi wa taa kali za wakati ule ni wa tungsten, madini ambayo hapa Kivu tunaita wolfram. Hatusemi kama wolfram iliyomuchoma Nakajima ilitoka kwetu. Tunasema tu ni ndugu moja na hii vijana wetu wanabeba ku mgongo.

Kupendwa na kutojulikana

Joto si shida kubwa kuliko zote. Kuna ingine inayoingia moyoni.

Mwezi wa saba 1966, televizyo ya Japani ilianza kuonyesha Ultraman, jitu la fedha na nyekundu linalopigana na wanyama wakubwa kwa dakika tatu tu, kisha nguvu zake zinaisha. Aliyekuwa ndani anaitwa Bin Furuya. Walimuchagua juu ya urefu wake na mikono yake mirefu. Alikuwa muchezaji wa filme, alitaka kuonekana kama wenzake, na sasa wamemufunika kichwa na uso. Kazi ilikuwa ya mateso, akafikiri kuacha. Alisimulia kiisha kwamba siku moja, ndani ya bisi, alisikia watoto wanaongea juu ya Ultraman kwa furaha, macho yanawaka. Akaghairi. Akarudi ku kazi.

Watu wengi wanaisimulia hadithi hii kama hadithi nzuri, na kweli ni nzuri. Lakini tuiangalie kwa upande mwingine. Wale watoto walikuwa karibu naye, pengine nguo zao zinagusana, na hakuna hata mmoja aliyejua kama Ultraman iko pale anashikilia chuma cha bisi. Walimupenda bila kumujua. Mtu anaweza kuishi na furaha ya namna ile, lakini asubui akiamka viungo vinamuuma, hana wa kumuambia: ni siye, ni mimi.

Mwaka 1971 Kamen Rider alianza, shujaa wa kinyago cha panzi anayepanda pikipiki. Hapo walijaribu kumuweka mtu mmoja afanye yote. Hiroshi Fujioka alikuwa uso na alikuwa mwili pia. Haikuchukua muda: akaanguka na pikipiki wakati wa kupiga filme, mfupa wa paja ukavunjika. Televizyo haingojei mfupa uungane. Kila juma watoto wako mbele ya tele. Wakaleta Kamen Rider wa pili, muchezaji mwingine, Takeshi Sasaki, na hadithi ikaendelea. Fujioka alirudi kiisha, kwa bahati yake. Lakini somo lilibaki: kinyago kinaendelea hata mtu akivunjika. Sawa vile kule ku mashimo: mmoja akitolewa na kitanda cha miti, kesho mwingine amechukua nyundo yake.

Na uzee? Nakajima alivaa Godzilla katika filme 12, mpaka 1972. Wakati huo sinema ya Japani ilikuwa imeanguka, televizyo imekula watazamaji, studio inapunguza watu. Yule aliyebomoa Tokyo mara nyingi hivyo akapelekwa kufanya kazi mu nyumba ya michezo ya studio ile ile, pale watu wanaviringisha mpira mzito kuangusha miti. Alifariki mwezi wa nane 2017, na miaka 88. Katika miaka ya mwisho watu wa nchi nyingi walimualika, wakamupigia makofi, wakataka kumushika mkono. Ni vizuri. Lakini makofi yalifika wakati magoti yamekwisha kuchoka.

Tuseme ukweli wote, si nusu. Wajapani hawakubaki pale. Mwaka 1970 muchezaji Sonny Chiba alianzisha kikundi cha kufundisha vijana kuanguka, kuruka na kupigana mbele ya kamera, kikaitwa Japan Action Club. Kazi ikawa ufundi wenye walimu. Kenji Ohba alitoka mule: mwaka 1982 alikuwa Gavan, njo yule X-Or wetu wa Kifaransa. Na Seiji Takaiwa, kuanzia 2001, karibu miaka 18, alikuwa mwili wa Kamen Rider mkubwa karibu kila mwaka. Nyuso zilibadilika kila mwaka, vijana wazuri wakapita na kuwa watu wakubwa wa sinema. Mwili ulibaki wa mtu yule yule. Wapenzi wa michezo hii leo wanajua jina lake. Kwa hiyo inawezekana. Jina likitajwa mara nyingi, linashika.

Mwili unavuka mpaka, jina linabaki nyuma

Hapa wazazi wa watoto wanaopenda Power Rangers wafungue masikio. Power Rangers ilianza Marekani mwaka 1993. Wale vijana munaona wanaongea shuleni ni Wamarekani. Lakini wakishavaa kofia na kuanza kupigana, mara nyingi sana ni picha zilizopigwa Japani mwaka uliotangulia, katika mchezo unaoitwa Zyuranger. Wamarekani walinunua picha za mapigano, wakatia nyuso zao mwanzoni na mwishoni. Mule ndani ya nguo ya manjano, ambayo Marekani ni msichana, Japani alikuwa ni mwanaume. Ndiyo maana nguo ya manjano haina sketi na ya pinki inayo. Watoto, kaangalieni tena!

Basi Mjapani alitoka jasho, Mmarekani akapata jina, na mtoto wa Bukavu akapiga makofi. Hakuna aliyeibiwa, juu picha zilinunuliwa. Lakini mwili ulivuka bahari na jina likabaki ku kizingiti.

Siye watu wa Kivu tunaijua hadithi hii bila kufundishwa. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika mwaka kwa mwaka juu ya dhahabu ya mashariki ya Kongo inayovuka mpaka kwa siri na kuuzwa kama dhahabu ya nchi nyingine. Inatoka hapa na matope ya hapa, inafika Dubai na jina la kwingine. Na hapa tunaongea juu ya jina la nchi tu. Jina la mtu aliyeichimba lilipotea zamani, pale pale mdomoni mwa shimo, kabla hata ya mzani.

Kuna jambo moja la kuchekesha ndani ya historia hii. Mwaka 1979, kulikuwa na mchezo wa Kijapani, Battle Fever J, ambamo kila shujaa alibeba jina la nchi ao taifa. Mmoja aliitwa Battle Kenya. Aliyemucheza ni yule yule Kenji Ohba, Mjapani. Afrika ya Mashariki ilikuwa ku nguo, haikuwa ndani ya nguo. Tucheke, lakini tukumbuke pia simu yenye tantale ya kwetu na majina ya watu wengine ku mgongo wake.

Hapa kwetu, nani anavaa?

Musidhani vinyago ni mambo ya mbali. Kinshasa, tangu miaka ya 1970, catch inajaza viwanja. Kele Kele Lituka alikuwa jina kubwa, na kiisha Edingwe na mambo yake ya ngenge. Yule catcheur anaingia na ngoma, watoto wanakimbia nyuma yake mpaka ku nyumba, kesho yake anaenda kutafuta franga ya dawa ya bega. Tangu 2015 kuna pia wasanii wa KinAct, walioanzishwa na Eddy Ekete. Wanavaa nguo za mikebe, za mipira ya gari, za nyaya na simu zilizokufa, na wanatembea mabarabarani Kinshasa kusema: angalieni takataka tunazoishi ndani yake. Nguo zile ni nzito, zinakata ngozi, na jua la Kinshasa halina huruma. Filme ya Système K ya mwaka 2019 inaonyesha wasanii wa barabarani wa Kinshasa na shida zao, hata na polisi. Lakini kuna tofauti moja kubwa: wao wanasaini kazi yao. Mtu akitoka ndani ya nguo ya mikebe, anasema mimi ni fulani.

Na wazee wetu wa Urega, tunaowapa heshima, walikuwa na akili nyingine juu ya kinyago. Kinyago kidogo cha Bwami, lukwakongo, hakikutengenezwa kwanza kwa kufunika uso. Kinaweza kushikwa mkononi, kufungwa ku mkono, kutundikwa ku ukuta wa miti. Kinaonyesha daraja mtu alilofikia kwa mwenendo wake na kwa malipo yake; kinamutambulisha. Mwenye kufariki anakumbukwa nacho. Hatutaingia ndani zaidi, kuna mambo si ya gazeti. Tunasema tu: hapa kwetu palikuwa na kinyago kinachotaja mtu. Kinyago kinachofuta mtu tumekipokea kiisha.

Nguo ya boss

Sasa tufike nyumbani, juu shida kubwa iko nyumbani.

Mchimbaji akishuka toka Kamituga, Misisi, Nyabibwe ao Shabunda na kufika Bukavu, anavaa nguo yake ya shujaa. Viatu vipya, simu mpya, manukato. Pale Essence ao Nyawera analipa meza nzima. Watu wanamwita boss, anaitika. Watoto wanakimbia: papa amefika! Kwa siku tatu ule mtu ni Kamen Rider kabisa.

Lakini ndani ya nguo kuna nani? Kuna mtu anayedaiwa na PDG wa shimo, juu miezi miwili walichimba jiwe tupu na chakula kilikuwa cha mkopo. Kuna mtu anayekohoa usiku na kusema ni vumbi la barabara. Kuna mtu aliyeona mwenzake akifunikwa na udongo, na hajamuambia mtu yeyote, hata bibi yake, juu atamuambiaje? Shujaa haongei hivyo. Siku ya nne anaazima franga ya usafiri kwa shemeji, anarudi. Watoto wanabaki na picha ya viatu vipya.

Mama anajua. Mama anaona jinsi anavyoshuka kitandani, mkono mmoja ku kiuno. Mama mmoja wa Kadutu alituambia hivi: "Batoto banaona boss. Miye minaona mugongo." Hatujasikia maneno mazuri kuliko hayo juu ya kazi ya shimo.

Na mama mwenyewe ana nguo yake. Wale wamama wanaotwanga mawe, twangeuse, vumbi jeupe toka kichwa mpaka miguu, mtoto ku mgongo: huko hakuna kofia wala kinyago, na kwa desturi ya machimbo mengi mwanamke haruhusiwi kuingia shimoni. Wakihesabu wachimbaji, wanahesabu waume. Mwanamke anabaki nje ya shimo na nje ya hesabu. Wa pinki wa Japani ni mwanaume ndani ya nguo ya mwanamke. Huku kwetu ni kazi ya mwanamke iliyojificha ndani ya dhahabu ya mwanaume.

Siye tunasema: ile nguo ya boss inaua. Haiui kwa siku moja. Inamukataza mtu kusema nimechoka, inamukataza kusema shimo lile lina maji, miti yake imeoza, siingii leo. Inamufundisha kijana wa miaka 15, aliye Funu ao Cimpunda, kwamba kule kuna viatu vipya, na haimuonyeshi kilo 100 zilizo nyuma ya kiatu. Anaacha shule, anapanda gari. Hajaona mgongo wa mtu yeyote.

Watu watatujibu

Tunasikia jibu moja tayari: "Mjapani analipwa, alichagua. Siye tunaingia juu ya njaa. Munalinganisha nini na nini?"

Ni kweli, na hatulinganishi njaa na mchezo. Tunalinganisha kitu kimoja tu: jinsi kazi ya hatari inavyopangwa. Angalieni Nakajima tena. Kilo 100, moto wa taa, hewa hakuna. Kwa nini hakufia mule? Si juu ya nguvu zake. Ni juu nje ya nguo kulikuwa mtu. Mtu aliyejua ni nani aliye ndani, amekaa dakika ngapi, na kazi yake ni kufungua. Nguo isiyofunguliwa toka ndani haivaliwi bila mtu wa nje. Hata mchezo una sheria hiyo.

Sasa twende Kamituga, tarehe 11 mwezi wa 9 mwaka 2020. Mvua ilinyesha sana, mashimo ya Detroit yakajaa maji na udongo. Wakubwa wa jimbo walitaja watu karibu 50 waliokufa. Karibu. Hilo neno "karibu" njo kidonda chetu. Familia zilisimama pale na kutaja majina kwa midomo: wangu alikuwa ndani, wangu hakurudi. Kikosi cha mpira kikiingia uwanjani, kila mtu anajua ni 11. Wachimbaji wakiingia ndani ya dunia, tunasema karibu.

Na tusidanganyike kwamba kuandika hakuwezekani huku kwetu. Tangu mwaka 2012, kule Kalimbi, Nyabibwe, mifuko ya kasiterite ilianza kufungwa na etiketi zenye namba, kusudi mnunuzi wa mbali ajue imetoka wapi. Mfuko unaandikwa: umetoka shimo gani, siku gani, kilo ngapi. Vizuri sana. Basi jiwe lina karatasi ya kuzaliwa, na mtu aliyelitoa hana hata karatasi ya kuingia. Anayeweza kuandika mfuko anaweza kuandika mtu. Daftari ni lile lile, kalamu ni ile ile.

Tunaomba nini

Hatutaomba helikopta. Tunaomba vitu ambavyo PDG mmoja anaweza kufanya kuanzia Jumatatu.

Kwanza, daftari mdomoni mwa kila shimo. Jina, mtaa, simu ya mtu wa nyumbani, saa ya kuingia, saa ya kutoka. Asiyejua kuandika, mwenzake anamuandikia. Hakuna jina, hakuna kuingia. Daftari lilale juu, si ndani.

Pili, mtu wa nje. Si yule anayevuta mifuko, juu yeye anaangalia mifuko. Mtu mmoja ambaye kazi yake ni saa, mvua na hewa, naye alipwe kutoka fungu la wote. Mvua ikianza kuonekana mlimani, anapiga kengele, wote wanatoka, na hakuna wa kumuita muoga. Japani hawamuiti muoga yule anayefungua nguo.

Tatu, sheria tayari iko. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inataka mchimbaji wa mkono awe na karti na awe ndani ya kooperative. Na kanuni zinakataza kushuka kupita metre 30. Kila mtu anajua mashimo yanayopita pale. SAEMAPE iko, kazi yake ni kusaidia na kuangalia wachimbaji wadogo. Kooperative zinazokusanya franga kila juma zitoe hesabu: jina la kila aliye ndani, na fungu kidogo la familia siku mambo yakiharibika. Kooperative isiyojua majina ya watu wake ni duka tu.

Na nne, hii ni ya nyumbani, haina franga. Papa akirudi, avue nguo ya boss. Aseme: leo sina, tulichimba jiwe tupu. Amuonyeshe mtoto mkubwa mikono yake. Amuambie mama jina la PDG, jina la shimo, jina la wenzake watatu, kusudi siku simu ikikatika mama ajue pa kuuliza. Aibu ya kusema sina inapita kwa siku moja. Aibu ya kuuliza "bwana yangu alikuwa shimo gani?" mbele ya watu wasiomjua, hiyo haipiti.

Wamama nao, tunawaomba: musingoje aseme. Muulize. Mama wa Kadutu aliyeona mgongo tayari amefanya nusu ya kazi. Nusu ingine ni jina la shimo.

Filme ikikwisha, majina yanapanda kwa upesi, na siye tunafunga televizyo. Ni desturi mbaya. Jioni ya leo, mtoto akiangalia mashujaa wake, mzazi amuache mpaka mwisho kabisa, amuonyeshe yale maandishi madogo, amuambie: pale njo kuna majina ya wale wanaoanguka. Hata kama hatujui kusoma Kijapani, mtoto ajue kwamba kila nguo ina mtu. Akishajua hivyo, siku ingine atauliza lile swali ambalo wakubwa wetu wa machimbo hawalipendi: "Papa, ku shimo lenu, majina yenu iko wapi?"

Na papa awe na jibu: iko mu daftari, juu, pale mdomoni.